Kipunji hakugunduliwa mwaka 2003

Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie neno moja: "kugunduliwa". Kila anapoandikwa kipunji, yule kima wa misitu ya milimani, tunasoma kwamba aligunduliwa Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 2003. Na nani? Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tayari, na ndio waliowaambia watafiti kwamba msituni yumo kima mwenye haya, haonekani kirahisi. Kwa kuwa Wanyakyusa wana masimulizi mengi, ya wanyama wa kweli na wa kubuni, watafiti walidhani huenda huyu naye ni wa hadithi tu, hadi walipomwona kwa macho yao.

Sasa mlinganisheni na nondo, mdudu wa jamii ya vipepeo, wa Madagaska. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin alipokea maua ya okidi yenye kifuko chembamba kinachoning'inia, urefu wake karibu sentimita 30, na nekta, yaani majimaji matamu ya ua, iko chini kabisa. Akasema huko Madagaska lazima yupo nondo mwenye mrija wa kunyonyea mrefu wa kuifikia. Wapo wajuzi wa wadudu waliomcheka. Lakini nondo akapatikana, na mwaka 1903 wataalamu wa wadudu Rothschild na Jordan wakampa jina la praedicta, yaani aliyetabiriwa. Darwin alikwisha kufa miaka 21 nyuma, na heshima yake ikamfuata kaburini.

Kima wa milimani mwenye kishungi kichwani na mdudu arukaye usiku hawana udugu. Ila wote wawili walijulikana kabla wanasayansi hawajawatia machoni. Tena Darwin alikisia tu, hakumwona nondo wake hata siku moja. Wawindaji walimwona kipunji. Ushahidi wao ndio uliokuwa mzito zaidi, na ndio ulioshukiwa kuwa ngano! Hili linaniuma.

Watafiti nawapa haki yao: walipomtangaza mwaka 2005 walilibakiza jina la kipunji katika jina la kisayansi, na mwaka uliofuata akawekwa katika jenasi (kundi la spishi za karibu) yake peke yake, Rungwecebus. Magazeti yetu ndiyo yaliyobaki nyuma. Andikeni kwamba alitambuliwa na sayansi, si kwamba aligunduliwa. Na mtakapopeleka mwandishi Rungwe, aanze kwa wazee waliokulia kando ya msitu, awanukuu wao kwanza, kisha ndipo amtafute mtaalamu.

Msomaji wenu