Barua ya wazi kwa Shangazi: zawadi iliyomo ndani ya baridi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Uliniuliza kwenye simu ni zawadi gani Mungu aliyoiweka katika nchi ambayo ardhi yake hufunikwa na theluji miezi mingi ya mwaka. Swali hilo linastahili jibu refu kuliko linavyotosha kwenye simu, nami naliandika hapa wazi kwa sababu wapo watu wa kwetu wengi, huku Vermont, kaskazini mwa Marekani, na hata ng'ambo ya mpaka kule Quebec, Kanada, wanaojiuliza jambo hilo hilo kila Januari.

Upo mti huku uitwao mepo wa sukari. Wakati wa kiangazi majani yake hutengeneza chakula, na ziada huhifadhiwa ndani ya mti kama wanga. Baadaye majani hugeuka mekundu na ya dhahabu, yakapukutika, na mti ukabaki mtupu hata mgeni adhani umekufa. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili hivi, maji huganda usiku na kuyeyuka mchana, na ni kupokezana huko kunakoufanya utomvu utembee: usiku mti hunyonya maji kutoka mizizini, na mchana nguvu ya ndani huusukuma utomvu utoke popote gome lilipotobolewa. Joto likishika usiku na mchana, utomvu hukoma. Baridi ikishika bila kulegea, hautoki pia. Kwa hiyo, Shangazi, baridi ile ninayoinung'unikia ndiyo inayoufungua utamu huu, na tangu nilipolijua hilo, sala yangu ya asubuhi za Machi imebadilika.

Wewe uliyekulia Tanga penye minazi utaielewa kazi yenyewe upesi, maana ni ndugu ya kazi ya mgema. Hutobolewa tundu lenye kina cha sentimita nne au tano, jembamba kuliko kidole, ukapachikwa mrija mfupi na ndoo ikatundikwa chini yake. Utomvu unaodondoka ni angavu kama maji ya kisima, na ukiuonja huhisi utamu kwa mbali tu, kwani sukari iliyomo ni kama asilimia mbili. Huhitajika takriban lita 40 ili kupata lita moja ya shira, nao huchemshwa mpaka ufikie nyuzi 104 hivi, banda zima likijaa mvuke unaonata kwenye nywele na nguo.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kipimo. Mti haugemwi kabla shina lake halijafikia upana wa sentimita 25 au 30, na mara nyingi hiyo ni miaka 40, kwa hiyo anayepanda leo huwapandia wanawe. Kila mwaka tundu jipya huwekwa mbali na la zamani ili kidonda kipate kuziba. Utomvu nao ukiachwa ndooni siku chache za joto huchacha, kama vile mana ya kitabu cha Kutoka ilivyooza kwa waliotaka kuiweka akiba hadi kesho yake. Mtoaji ndiye aliyeweka mpaka wa kuchukua, na sidhani kwamba anayeuvuka mpaka huo ameshukuru kweli, hata akiombea chakula kwa sauti kubwa namna gani.

Waabenaki na Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa nchi hizi, waliujua mti huu kabla Wazungu hawajafika, na Wahaudenosaunee bado huitaja miti katika maneno yao ya shukrani, mepo wakimpa heshima ya kiongozi.

Karne ya 18 ilipokaribia mwisho, Wakristo wa Marekani waliochukia utumwa, wakiwemo Marafiki (Quakers), kanisa lile lile lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, walihimiza sukari ya mepo itumike badala ya sukari ya miwa iliyolimwa na watumwa wa visiwa vya Karibi. Mwaka 1791 tabibu Benjamin Rush alimwandikia Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, barua ndefu ya kuusifu mti huu kwa matumaini hayo. Jefferson aliagiza miche kwa ajili ya shamba lake la Monticello, lakini haikustawi, naye akaendelea kumiliki watumwa mpaka kufa kwake. Hilo huniuma kila ninapolikumbuka, kwa kuwa alionyeshwa wazi jinsi zawadi ya Mungu ingeweza kutumika kwa haki, akaishia kupenda miti tu.

Nitakutumia chupa moja kwa mkono wa mtu anayekuja Desemba. Itie kwenye uji, na ukishaifungua iweke kwenye friji isiote ukungu. Nakuomba pia mwiombee misimu ya huku katika jumuiya yenu, kwa maana joto la dunia linazidi kuisogeza na kuivuruga, na mti huu hauwezi kutoa utomvu pasipo usiku wa kuganda.

Mwanao akupendaye.