Manyoya sita ya nini?

Mhariri,

Wanaouzia wageni mishale hapa Kisesa siku hizi wanaifunga manyoya sita. Inapendeza, ila haifiki! Kila unyoya unakamata upepo. Sita yanamfaa anayelenga ndege angani, asitake mshale upotelee mbali.

Marehemu baba alinifundisha matatu ya kanga, yote ya bawa la upande mmoja. La kushoto na la kulia hupinda tofauti. Ukiyachanganya mshale unayumba. Mmoja, wenye rangi yake, uelekee nje ili mengine yasikwaruze upinde.

Manne nayo nayakubali. Usiku wa lindo la sungusungu hukuhangaika kupapasa unyoya wa nje: ukiugeuza mshale juu chini, ni yaleyale.

Mzee wa Kisesa, Mwanza