Uvimbe wa titi usitupwe kwenye ndoo

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba gazeti lenu huandika vizuri kuhusu saratani ya matiti, ile inayoanzia kwenye mirija na tezi za maziwa. Naomba nafasi niitaje nyingine, sarkoma. Hii huota kwenye mafuta, mishipa ya damu na nyuzi zinazoshikilia titi. Ni adimu: haifiki hata mgonjwa mmoja katika kila 100 wenye saratani ya titi.

Nimestaafu kazi ya maabara ya patholojia, inayopima nyama zinazotolewa mwilini, hapa Dar es Salaam, na kilichokuwa kikiniudhi ni hiki. Mama ana uvimbe mgumu kidogo, unateleza chini ya vidole, hauumi. Anaambiwa ni wa kawaida, unatolewa, unatupwa, maana kupima ni hela nyingine. Baada ya miezi kadhaa umerudi, tena mkubwa, na hakuna ajuaye wa kwanza ulikuwa nini.

Sindano nyembamba nayo haitoshi. Hufyonza chembe zilizotawanyika, ilhali sarkoma hutambulika kwa mpangilio wa nyama yenyewe. Hapo inatakiwa sindano nene ya kukata kinyama, kisha rangi maalumu za maabara, ndipo daktari aitaje kwa jina.

Na jina hilo ndilo linaloamua tiba. Sarkoma husafiri zaidi kwa damu, hasa kwenda mapafuni, kwa hiyo kifua hupigwa CT scan, na mara nyingi hakuna sababu ya kutoa mitoki ya kwapani na kumwachia mama mkono uliovimba. Tamoksifeni, dawa ya homoni wanayopewa wengi wenye saratani ya matiti ya kawaida, haimsaidii. Kinachomsaidia kwanza ni upasuaji unaoondoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama nzima. Mionzi huongezwa ukiwa mkubwa au mkali, na dawa za kemo kwa baadhi.

Waliowahi kupigwa mionzi ya titi, hospitali ya saratani ya Ocean Road au kwingineko, wakiona baada ya miaka doa la zambarau kama vilio la damu kwenye ngozi ya hapo, warudi kliniki, wasipake mafuta, maana mara chache huwa ni sarkoma iliyoletwa na mionzi. (Hili si la kuwafanya watu waikimbie mionzi; faida yake ni kubwa mno kuliko hatari hiyo.)

Ombi langu kwa Wizara ya Afya: gharama ya patholojia iingizwe ndani ya bei ya upasuaji wenyewe, mgonjwa asiulizwe akiwa keshalala mezani kama ana hela ya maabara.

Mstaafu wa maabara,
Tabata, Dar es Salaam