Somo, angalia mwezi kwanza

Mumbai, 20 Mei

Somo yangu,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo na mama anaendelea vyema, alhamdulillahi. Jana daktari amempunguzia dawa mbili, na Mola akipenda tutakuwa Mombasa kabla ya Juni kwisha. Kwa hiyo nyinyi mkija Julai, sisi tumeshaondoka. Umeniuliza siku ambazo zamu ya kukaa na baba mkwe hospitalini ni ya mumeo, wewe utazunguka wapi usije ukashinda chumbani unahesabu pangaboi. Nitakwambia, ila si yote, kwani mengine hata mimi nimeyaona kwa dirisha la teksi tu.

Kwanza, huo mwezi wa Julai. Kusi hii hii inayotupulizia sisi ndiyo inayovuka bahari ikafika huku imebeba mvua, na tangu Juni mpaka Septemba inaimwaga juu ya mji huu. Maradhi yangekuwa na adabu ya kungoja, ningewaambia njooni Desemba, wakati wa kaskazi. Lete viatu vya mpira. Na mapango ya Elephanta, yale ya kisiwani, usiyatie sana moyoni, maana bahari ikichafuka boti hazitoki.

Lakini ikitokea siku ya jua, acha yote uende, isipokuwa Jumatatu, ambapo kumefungwa. Boti zinapandwa Gateway of India, lile lango la mawe lililo kwenye kila picha. Lilijengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George V aliyefika hapa 1911, likamalizika 1924, mgeni mwenyewe keshaondoka zamani. Lipige picha pamoja na hoteli ya Taj iliyo jirani, basi, inatosha. Baharini ni kama saa nzima. Kisha ngazi, zaidi ya mia, na kima wanakungoja. Mimi mmoja alininyang'anya chupa ya soda, akafungua kizibo kama mtu, akanywa huku ananitazama.

Pango kubwa ni giza na lina ubaridi. Macho yakishazoea ndipo unapokiona ukutani kichwa cha Shiva, mungu wa Wahindu, chenye nyuso tatu, karibu mita 6 kwenda juu, kimechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Uso wa katikati umefumba macho. Mie dini ile hainihusu, lakini nilisimama pale mpaka wenzangu wa boti wakaja kunitafuta. Sanamu nyingi zimekatika mikono na miguu, na mtembezaji wetu alisema ni risasi za askari wa Kireno. Wareno wale wale wa Fort Jesus, somo! Hata hilo jina Elephanta walilitoa wao, kwa ajili ya ndovu wa jiwe waliyemkuta kisiwani. Kiingilio nililipa rupia 600; Mhindi aliyenitangulia, 40. Usibishane, mimi nilishabisha kwa niaba yetu sote.

Siku nyingine panda treni ushuke Mahalaxmi. Ingia behewa la wanawake, na usithubutu asubuhi watu wanapokwenda kazini: milango haifungwi na kituoni treni haikai, ukizubaa unasukumwa nje au unabaki ndani. Ukitoka kituoni simama darajani utazame chini. Hapo ni Dhobi Ghat, na hao ndio madobi wenyewe, tuliowachukulia neno. Mabirika ya zege yamepangwa kama vyumba, wanaume wamo ndani ya maji wanapigiza nguo kwenye mawe, na juu yao kamba kwa kamba za mashuka meupe. Mama alitazama kimya, kisha akasema, "Shuka langu la wadi limo humu."

Kutoka hapo mpaka Haji Ali unaweza kutembea, na hapo ndipo ninapotaka uangalie mwezi. Kaburi na msikiti viko baharini juu ya mwamba, tangu 1431, na njia ya kufikia ni moja tu, iliyojengwa chini chini kiasi kwamba maji yakijaa inafunikwa. Wewe mtoto wa Tanga hesabu ya bamvua, yale maji makubwa, hufundishwi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, uliza saa ya maji kabla hujatoka, ama utakaa ng'ambo na waombaji na wauza maua mpaka yatoe. Wanasimulia kwamba Haji Ali mwenyewe alifia njiani akienda Makka na jeneza lake likaelea likarudi hapa. Kwa miaka kadhaa wanawake tulizuiwa kukaribia kaburi. 2016 mahakama ikaamua tuingie. Niliingia, nikamwombea mama, nikatoka nikakaa uani kusikiliza kawali, zile nyimbo zao za dini. Ukirudi barabarani tafuta topetope iliyosagwa na malai, yaani mtindi wa juu wa maziwa. Julai huenda bado msimu wake. Jaribu tu.

Kituo kikuu cha treni, CSMT, kipitie hata kama huna safari. Zamani kiliitwa Victoria. Nguzo za geti zina simba upande mmoja na chui milia upande wa pili. Karibu na hapo ndipo treni ya kwanza ya abiria India ilipoondokea, 1853, miaka arobaini na kitu kabla reli yetu ya Mombasa haijaanza kujengwa na vibarua wa kutoka huku. Soko la Crawford liko hatua chache. Maembe ya Alphonso utayakosa, pole sana, mimi nayala kila siku hadi mama ananigombeza. Njaa ikikushika, nunua vada pav: ni kachori yetu ile ile ya viazi, imebanwa ndani ya boflo, na pilipili isiyo na huruma.

Mwavuli wangu nimemwachia mama mwenye nyumba, ule mweusi wenye mpini wa mbao. Mwambie ni wa somo yako, atakupa. Mama anawasalimu nyote, hasa mzee.

Ni mimi, somo yako