Krismasi njema, na walimu salamu zenu hizi hapa

Ndugu jamaa na marafiki, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya popote mlipo, mliopanda Moshi najua saa hizi mko migombani na mbege, sisi tuliobaki Dar tunajifariji na barabara zisizo na foleni. Mwaka huu salamu zangu nazipeleka kwa walimu jamani.

Maana Desemba ndo utajua mtaa unaendeshwa na nani. Majina ya kidato cha kwanza yakitoka tu mzazi huyo kwa mwalimu jirani, simu mkononi, "mwalimu hebu niangalizie mtoto kapangiwa wapi", anaangaliziwa, anasomewa na fomu ya kujiunga mstari kwa mstari, ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, na bando linalotumika hapo ni la mwalimu na likizo ni yake. Kamati ya harusi ikikaa mweka hazina nani? Mwalimu. Hela tunamwamini nazo kabisa, ila akija kuposa utamsikia shangazi, "kumbe mwalimu tu?"

Na binti akijaza ualimu kwenye maombi ya chuo nyumba nzima inanuna, eti na divisheni wani yote hiyo ukashike chaki! Yaani tunataka watoto wetu wafundishwe na wenye divisheni wani, ila wenye divisheni wani watoke kwa jirani.

Halafu ni nchi hii hii ambayo Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akaja kuwa Rais, na mpaka leo tunamuita Mwalimu, kwa yeye ni sifa, kwa huyu wa shule ya kata anayesubiri hela ya uhamisho huku wakopeshaji wa kausha damu wamekaa na kadi yake ya benki, jina hilo hilo limegeuka kuwa utani wa kijiweni. Shikamoo zetu anazipata nyingi tu, sikatai, ila dukani kwa Mangi hazipokelewi.

Mlioko vituoni mnasahihisha mitihani ya kidato cha nne huku wenzenu tunachoma nyama, poleni sana na mbarikiwe. Na wewe unayesoma, kama aliyekufundisha kusoma bado yupo mtumie hata ya soda kwenye simu, stika za kengele anazo za kutosha.