Kabla Hujaagiza Taco

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, nikacheka peke yangu jikoni. Wenzako wa chuo wamekualika mkale taco Pilsen, mtaa wa Wamexico huko Chicago, nawe unaogopa utaagiza kitu usichokijua! Nilikaa Chicago kabla hujazaliwa, na 18th Street naielewa. Nenda, ila nisikilize kwanza.

Ukiingia utaona mshikaki mkubwa umesimama wima unazunguka motoni, nyama imekolea wekundu wa pilipili na achiote, zile mbegu za kutia rangi, na nanasi limekaa juu. Mpishi anaikata nyembamba inadondokea ndani ya tortilla, yaani chapati yao nyembamba ya mahindi, kisha anadokoa nanasi kwa ncha ya kisu, linaruka, analidaka kwa mkono ule ule ulioshika taco. Utasema hii shawarma. Na kweli asili yake ni hiyo, wahamiaji kutoka Lebanoni ndio waliopeleka uchomaji huo Mexico, mji wa Puebla. Lakini huko waliishia kutia nguruwe. Inaitwa al pastor, iache. Carnitas pia ni nguruwe, na chorizo, soseji yao, aghalabu vivyo hivyo.

Kinachowanasa wengi ni maharage. Unayaona hayana nyama, yamepondwa laini, unajilia zako, kumbe yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tamales nazo, yale madonge ya mahindi yaliyofungwa majanini na kupikwa kwa mvuke, unga wake mara nyingi hukandwa na mafuta hayo hayo. Uliza tu bila haya: “¿Lleva manteca?” yaani, kimetiwa mafuta ya nguruwe? Hawakasiriki, wamezoea kuulizwa. Habari ya kuchinja sikufundishi, unajua mwenyewe. Mimi nikiwa na shaka nilikula taco za samaki, au za nopales, yaani mpungate uliotolewa miiba ukachomwa. Una utelezi kidogo kama bamia. Babako hakuupenda hata siku moja.

Taco za mtaani ni ndogo, tortilla mbili zimepandana, nyama, kitunguu, dania, basi. Kamulia ndimu, inamisha kichwa, kula kwa mkono. Ukiletewa ganda gumu lililojaa jibini ya manjano, ujue hapo ni mapishi ya Kimarekani. Si mabaya, ila hukufunga safari kwa ajili ya hayo. Na pilipili usidanganywe na rangi. Ya kijani pengine ni kali kuliko nyekundu, na ile ya rangi ya chungwa ikiwa ni ya habanero, onja kwa ncha ya ulimi.

Najua utatamani kujaribu tortilla mwenyewe bwenini kwa unga wa sima. Usijisumbue, utakatika mikononi. Mahindi yao huchemshwa kwanza kwenye maji ya chokaa, maganda yanatoka, ndipo yakasagwa. Chokaa ndiyo inayofanya unga ushikane, na pia huifungua niasini, vitamini iliyomo, mwili ukaipata. Mahindi yalipovuka bahari kutoka kwao, ujuzi huo haukuvuka nayo. Italia ya kaskazini, na baadaye majimbo ya kusini ya Marekani, maskini walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, wengine wakafa. Watu wa Mexico walikuwa wakiyala karne na karne bila janga hilo. Ukitaka kupika, nunua pakiti iliyoandikwa masa harina.

Soda achana nazo. Kwenye mitungi mikubwa ya kioo utakuta maji ya ukwaju, wao husema tamarindo, na ya rozela, yaani jamaica. Horchata ni ya mchele na mdalasini. Tamu mno kwangu, wewe utaipenda.

Mkihudumiwa mezani, acha bakshishi asilimia 15 hadi 20. Huko mhudumu huitegemea sana, kwa hiyo usijifanye umesahau. Ukiagiza dirishani, dola moja yatosha. Mkishiba, tembeeni mpaka National Museum of Mexican Art, ni karibu na kiingilio ni bure.

Na ukipata nafasi Jumapili, ulizia birria ya mbuzi, nyama iliyopikwa taratibu kwa pilipili na viungo, mapishi ya jimbo la Jalisco huko Mexico, na supu yake pembeni. Nenda mapema, ikifika adhuhuri pengine imekwisha.

Babako anakusalimu, anauliza koti la baridi umeshanunua au bado unazungushazungusha. Nijibu hilo kwanza.

Mamako