Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: sisi tuliougua polio tunadhoofika upya

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Salamu za heshima kutoka Mwanjelwa, ninakoshona nguo. Polio ilinipata mwaka 1974 nikiwa na miaka mitatu, ikaukausha mguu wangu wa kulia. Cherehani nimeikanyaga kwa wa kushoto zaidi ya miaka 30. Sasa huohuo wa kushoto, niliouita mguu mzima, ndio unaoniangusha. Mwezi wa saba, baridi ikishika, mpaka saa nne asubuhi haujanitii.

Mwaka jana nilikwenda kituo kimoja cha afya. Nikaambiwa ni umri, nikapewa dawa ya maumivu na agizo la kufanya mazoezi kwa nguvu. Nikayafanya. Wiki ya tatu nikashindwa kupanda bajaji bila kushikwa mkono.

Mheshimiwa, huu si uzee. Ni hali ambayo madaktari huiita "post-polio syndrome", yaani udhaifu mpya unaowapata waliopona polio zamani. Polio huua neva zinazoendesha misuli. Zilizosalia huchipua matawi na kuibeba misuli iliyoachwa yatima. Baada ya miaka 15, 30 au 40 ya mzigo huo, nazo huanza kuzidiwa. Hukadiriwa kwamba kati ya watu 25 na 40 katika kila 100 waliopona hufikia hali hii. Na kinga ya mwili imo ndani yake: watafiti wa Sweden walipopima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa kama mimi, walikuta chembe za kinga zingali zinapeana ishara za vita, miongo mingi baada ya homa yenyewe kwisha. Kama hilo ni chanzo au matokeo, wataalamu wangali wanabishana. Haiambukizi. Kipimo chake maalumu hakuna. Daktari huitambua kwa kuondoa magonjwa mengine, na kwa kuuliza historia.

Hapo ndipo ombi langu lilipo. Machi 2022, baada ya kirusi cha polio kuonekana Malawi, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba mkoani kwetu na matone ya chanjo. Walifika kwangu, wakampaka mjukuu wangu wino kidoleni. Mimi nimesimama mlangoni kwa magongo, hakuna aliyeniuliza neno. Siwalaumu, hawakutumwa kwangu.

Safari ijayo watume na kwangu. Waandike majina ya tuliougua zamani. Na waganga wa vituo waelekezwe: mtu mwenye mguu wa polio akilalamikia udhaifu mpya, apelekwe kwa mtaalamu wa viungo, apangiwe mazoezi mepesi yenye mapumziko, asiambiwe ajikaze.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Mwanjelwa